Nyuzi za Kivulini

 Wasikilizaji wangu, punde kabla sijapewa nafasi hii mlisikia taarifa ya hali ya hewa, msomaji akitaja miji yetu mmoja baada ya mwingine na nyuzi za joto zilizofikiwa leo katika kila mmoja. Nami nadhani wengi wenu, ilipotajwa idadi ya mahali penu, mlitazamana mkacheka, mkasema kwamba aliyeiandika taarifa ile hakupita barabarani kwetu wakati wa adhuhuri. Mimi jioni hii nataka kumtetea msomaji, na kuwatetea ninyi mliocheka, kwa kuwa pande zote mbili zimesema kweli, ila zimesema juu ya mambo mawili mbalimbali ambayo mazoea yametufanya tuyape jina moja.

Kipimajoto kinachotoa idadi ile hakikai juani. Hukaa ndani ya kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe, kikainuliwa kwa miguu hadi kimo cha kifua cha mtu, na kuta zake ni vibao vilivyolazwa mshazari ili upepo upite na jua lisipite. Aliyekibuni kisanduku hicho katika karne ya 19 ni mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti, Thomas Stevenson, baba yake Robert Louis Stevenson aliyetunga kile kitabu ambacho wanafunzi wa zamani walikisoma kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Wataalamu hawakukificha kipimajoto kwa hila, bali kwa insafu, maana walitaka kupima hari ya hewa peke yake, wala si nguvu ya jua. Lakini maana yake ni kwamba nyuzi 28 zinazosomwa redioni ni nyuzi za kivulini. Naye mama auzaye ndizi kando ya lami ya barabara kuu iendayo Tunduma hakuna aliyemjengea kisanduku.

Huenda sisi watu wa Vwawa tukaonekana kuwa wa mwisho kustahili kusema juu ya hari. Mji wetu, ambao ndio makao makuu ya Mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umekaa juu ya uwanda wa Mbozi, nchi ya kahawa na mahindi, na asubuhi ya mwezi wa Juni mgeni atokaye pwani akishuka kwenye basi huuliza kwanza mahali pa kununua koti. Walakini ni baridi hiyo hiyo iliyotusomesha. Tazama wazee wetu asubuhi ya Juni: hawaketi popote, bali huketi upande wa mashariki wa nyumba, migongo ukutani, wakiota kijua cha kwanza, na ukuta uliokwisha kupata moto huwarudishia joto mgongoni wakati jua likiwapa joto kifuani. Watazame wazee hao hao mwezi wa Oktoba, mashamba yamekauka, mvua haijaja, vumbi limetanda: wamehamia chini ya mwembe, na kadiri kivuli kinavyozunguka shina, nao huzunguka nacho, kigoda mkononi, mpaka alasiri. Hakuna aliyewafundisha elimu ya vipimo, lakini wamekwisha kujua asili ya jambo zima, kwamba raha ya mwili nje ya nyumba si nyuzi zilizoandikwa, bali ni hesabu ya vitu vingi vinavyompa mtu joto na vinavyomwondolea.

Naomba mniruhusu kuifungua hesabu hiyo. Mwili wa mwanadamu haukomi kuzalisha joto. Mtu mzima aliyekaa kitako hutoa joto linalokaribia lile la taa ya umeme ya wati 100, na akishika jembe au akibeba gunia hulizidisha mara kadhaa. Na joto hilo sharti litoke, kwa sababu ndani ya mwili haturuhusiwi kuzidi nyuzi 37 ila kwa kiasi kidogo, na tukizidi sana ni maradhi, na baada ya maradhi ni mauti. Milango ya kutokea ni michache: upepo huchukua joto kwenye ngozi, ngozi yenyewe hutuma joto kwa vitu vilivyopoa kuliko yenyewe, na jasho huvukiza. Milango ya kuingilia nayo ni mingi: jua la utosi, ambalo siku isiyo na mawingu huteremsha juu ya kila mita moja ya mraba nguvu inayokaribia ile ya taa kumi za namna niliyoitaja, ardhi iliyochemka, itoayo joto toka chini, ukuta na bati, vitoavyo joto toka ubavuni na juu, na mwisho hewa yenyewe. Mtaona kwamba hewa, ambayo ndiyo pekee inayotajwa katika taarifa, ni mgeni mmoja tu katika kundi la wageni wanaobisha hodi.

Wenzetu walioushughulikia mwili kwa vipimo walilitambua jambo hili. Miaka ya 1930, Mwingereza H. M. Vernon alichukua tufe la shaba lililo wazi ndani, akalipaka rangi nyeusi, akatia kipimajoto katikati yake, ili lisikie jua na kuta kama vile mwili unavyosikia. Miaka ya 1950, jeshi la wanamaji la Marekani lilipoona askari wake wapya wakianguka kwa hari katika mazoezi kwenye kambi ya Parris Island, lilitengenezewa kipimo kinachounganisha vipimajoto vitatu: cha kwanza kimevikwa kitambaa chenye maji, kionyeshe jinsi jasho litakavyokauka, cha pili kimo ndani ya lile tufe jeusi, cha tatu ni cha hewa. Na katika kuvijumlisha, katika kila mafungu kumi, kile chenye maji kilipewa mafungu saba, cha tufe mawili, na cha hewa fungu moja tu. Fungu moja katika kumi, wasikilizaji wangu! Ndilo hilo tunalolisikia kila jioni na kulidhania kuwa habari nzima.

Mwaka mmoja, katika mwezi huo huo wa Oktoba, niliteremka kutoka Mlowo kwenda Kamsamba, katika bonde la Mto Momba, kunakolimwa mpunga. Atokaye kwetu akaenda kule huteremka kuelekea Ziwa Rukwa, ambalo limekaa chini kwa mamia ya mita kuliko uwanda wetu, na kwa kawaida ya ulimwengu kila mita 1,000 za kuteremka huongeza hari kwa nyuzi sita hivi. Kwa hiyo msafiri huanza safari na koti na kuimaliza amelikunja kwapani. Mzee aliyenipokea hakunikaribisha ndani kama ilivyo ada ya waungwana, bali alinivutia kigoda chini ya mkwaju, akasema, “Ndani ni tanuri, mwalimu, karibu nje.” Maneno hayo matatu ya mwisho nimeyakumbuka miaka yote. Katika nchi ya baridi nyumba ndiyo kimbilio. Katika nchi ya hari, na hasa penye paa la bati, nje ndiko sebuleni, nje ndiko jikoni, nje ndiko barazani, na usiku nje ndiko kitandani. Basi anayejenga makazi ya watu wa nchi ya hari akayajenga majumba peke yake, asishughulike na nafasi iliyo baina ya majumba, amewajengea mahali pa kufungia mali tu, akawanyima mahali pa kuishi.

Mzee yule akanipa maji ya mtungi, yakawa baridi kama yaliyotoka kisimani. Siri ya mtungi ndiyo siri ya jasho: maji hupenya katika udongo, hukauka juu ya uso wake, na katika kukauka huchukua joto. Na kazi hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani, kwa kuwa kuyageuza maji kuwa mvuke hutaka joto lipitalo mara tano lile la kuyatoa maji hayo katika ubaridi wa barafu mpaka yakachemka. Kwa ajili hiyo nchi kavu ina fadhila ambayo pwani haina: jasho hukauka mara moja, na mtu akiwa kivulini, na maji yapo, anaweza kustahimili nyuzi ambazo Dar es Salaam zingemlaza. Lakini fadhila hiyo ina hila ndani yake, maana jasho linalokauka mara moja halionekani, na asiyeona jasho hudhani hakutoka jasho, akaacha kunywa maji, hata kichwa kikamzunguka.

Hapo pana tofauti ambayo wajengaji wengi wameikosea, nayo ni ya upepo. Mtu wa Lamu au wa Unguja, ambaye hewa yake imejaa unyevu, huupenda upepo kama anavyompenda mgeni mwenye zawadi. Hufungua madirisha kwa kaskazi na kusi, na huketi barazani aupate. Lakini upepo huburudisha maadamu una ubaridi kuliko ngozi, na ngozi yetu ina kiasi cha nyuzi 34 au 35. Hewa ikipita hapo kwa mbali, kila mvumo wake huja na joto badala ya kuliondoa, na aliye jangwani hufunga mlango kama anavyoufunga kwa mwizi. Huko Oman, katika pwani ya Batina, upepo mkavu wa kiangazi utokao bara huitwa gharbi, na watu huukimbia. Wasomaji wa Biblia nao wanaijua habari ya Nabii Yona, aliyeketi upande wa mashariki wa mji wa Ninawi chini ya kibanda alichojijengea, kisha akaoteshewa mtango juu ya kichwa chake, naye akaufurahia mno. Na mtango ulipotafunwa na buu ukanyauka, ukaja upepo wa mashariki wenye hari, na jua likampiga kichwani, hata akatamani kufa. Watu huisoma habari hiyo kwa ajili ya mafundisho yake ya rehema, nami siwakatazi; lakini mtu wa nchi kavu aisomapo huona ndani yake elimu kamili ya jambo letu: kibanda kilikuwapo, na bado jani bichi liliongeza raha; jani lilipoondoka, jua na upepo wa moto vikatimiza kazi yao.

Kwa nini jani lishinde paa? Kwa sababu vivuli havilingani. Bati likipigwa na jua la adhuhuri huweza kufika nyuzi 60 na kupindukia, na aliyeketi chini yake, ingawa jua halimwoni, amewekewa jua la pili karibu na utosi. Jani la mti hulipokea jua lile lile, lakini hulilipa kwa maji linayoyavukiza, likabaki karibu sawa na hewa iliyo kando yake. Na majani yamepangwa tabaka juu ya tabaka, upepo ukipita katikati. Ukiweka kipimajoto cha hewa chini ya bati na kingine chini ya mwembe, huenda visitofautiane sana. Ukiweka tufe jeusi la bwana Vernon, utaona tofauti ambayo mzunguko wa wazee na vigoda vyao umeionyesha siku zote.

Sasa tutazame jinsi watu wa nchi za jangwa walivyoifanya elimu hii kuwa mji. Huko Oman wako jamaa wengi wanaozungumza Kiswahili kama sisi, waliorejea kutoka Unguja, Pemba na bara, hasa baada ya mwaka 1970 Sultani Qaboos aliposhika madaraka; nao watawaeleza kwamba mji wa kale kama Nizwa haukuanza kwa nyumba, bali kwa maji. Maji hutolewa chini ya ardhi penye milima, yakaongozwa kwa mteremko mdogo sana katika mfereji unaoitwa falaji, masafa ya kilomita kadhaa, mpaka mjini. Na mifereji mitano ya namna hiyo, mmoja wao Falaji Daris wa Nizwa, iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia. Maji yale yalilea shamba la orofa tatu: juu mitende, iliyozoea kuwa na miguu majini na kichwa motoni, chini yake mindimu na mikomamanga, na chini kabisa majani ya mifugo. Kijiji kikakaa ubavuni pa shamba hilo, kuta zake ni nene, za udongo, na vichochoro vyembamba hata jua, isipokuwa linapokuwa utosini, huangukia ukutani lisifike kwa mpita njia. Katika mji kama huo mtu alitoka nyumbani akaenda sokoni, na kutoka sokoni msikitini, akivuka kutoka kivuli kwenda kivuli kama mvukaji wa mto anavyokanyaga jiwe kwa jiwe.

Nasi pia hatukuwa mikono mitupu. Lamu, ingawa hari yake ni ya unyevu, ilijenga vichochoro vyake vyembamba, ikaweka mbele ya kila nyumba ya heshima daka lenye viti vya mawe, na mahali pengine ikarusha wikio, yaani chumba kinachovuka njia toka nyumba hadi nyumba, hata mwenye njia akapata kivuli ambacho hakukilipia. Wagogo wa Dodoma, ambao nchi yao ni kavu kuliko zetu nyingi, walijenga tembe, nyumba fupi ya paa bapa la udongo, inayozunguka ua. Udongo ule ulimeza joto mchana na kulirudisha polepole usiku, na ua katikati ukawa na upande wa kivuli saa zote isipokuwa saa sita. Tembe ilidharauliwa kwa jina la ushamba, bati likapewa heshima. Wala sitaki kulitukana bati, kwani halivuji, na mwanamke aliyechoka kuziba paa kila masika anayo haki ya kulishukuru. Nasema tu kwamba tulipobadilisha paa tulipaswa kuuliza lile la kwanza lilikuwa likifanya kazi gani nyingine zaidi ya kuzuia mvua.

Mchana una dawa yake. Tatizo kubwa zaidi ni usiku. Desturi ya jangwa ni kwamba mbingu isiyo na mawingu hunyonya joto la ardhi punde jua lituapo, na watu hupandisha vitanda juu ya dari wakalala kwa raha. Lakini pale Qurayyat, mji wa pwani ya Oman, tarehe 26 Juni 2018, kipimajoto kwa muda wa saa 24 hakikuteremka chini ya nyuzi 42.6, yaani saa ya ubaridi kupita zote, ile ambayo mtu hutafuta shuka, hewa ilikuwa na moto kuliko mwili wa mwenye homa kali. Mwili usiopata usiku hauwezi kulipa deni la mchana. Na lami, na zege, na kuta zisizo na miti ni wadai wa namna hiyo hiyo: huweka joto mchana, wakaja kulidai usiku.

Mfano mmoja nataka kuukalia kidogo, kwa sababu unatuhusu kwa mti wetu wenyewe. Katika uwanda wa Arafa, ambako mahujaji husimama siku moja ya mwaka, ilipandwa miti ya mwarobaini ipatayo 50,000, ili watu wanaokaribia milioni mbili wapate mahali pa kuegemeza vichwa. Ni mwarobaini huu huu ambao bibi zetu huuchemsha kwa homa na watoto wakakimbia uchungu wake. Huvumilia ukame, hubaki na majani wakati miti mingine imevuliwa nguo, na kivuli chake ni kizito. Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwezi wa Juni mwaka 2024, joto la Makka lilipopita nyuzi 50, mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki dunia, Mungu awarehemu. Na serikali ya Saudia ilieleza kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi miongoni mwao walikuwa wamekuja bila vibali, wakatembea masafa marefu juani pasipo mahali pa kujisitiri. Hewa ilikuwa moja kwa mahujaji wote. Idadi iliyosomwa redioni ilikuwa moja. Waliotofautiana ni aliyekuwa na hema na asiyekuwa nalo.

Kutoka hapo nafika kwenye neno ambalo ndilo lililonileta mbele yenu: kivuli ni mali ya umma, kama njia na kama kisima. Si mimi niliyelitunga. Wanavyuoni wa Kiislamu hufundisha kwamba mtu asijisaidie haja penye maji, wala njiani, wala kivulini wanapopumzika watu. Wameviweka vitatu hivyo katika safu moja, kwa kuwa ni haki za wote. Waturkana wa kaskazini ya Kenya, ambao mji wao wa Lodwar hupata mvua kidogo sana na jua jingi sana, huufanya mti mkubwa kuwa baraza la wazee: hapo hukaa, huamua kesi, hucheza bao, hulala, na kuukata mti kama huo si jambo dogo. Hata hivyo, si kila mti unaotoa kivuli ni sadaka. Mti uitwao mathenge, uliopandwa Baringo katika miaka ya 1980 kwa nia njema ya kufunika nchi tupu, ulienea ukateka malisho na njia za maji, ukaharibu meno ya mbuzi, hata wananchi wakapeleka shauri mahakamani. Kivuli nacho hutaka busara. Si kila apandaye mti ametenda wema.

Basi turudi kwetu. Nenda Tunduma, ambapo barabara ya kwenda Zambia huingia Nakonde. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019 kimekusudiwa kupunguza kungoja, lakini malori ni mengi, na kungoja hakujaisha. Mtazame dereva adhuhuri: ametandika mkeka uvunguni mwa lori lake, baina ya magurudumu, kwa sababu katika mahali pale pote pamoja na shughuli zake zote kivuli alichopata ni kile alichokuja nacho mwenyewe. Kisha njoo Vwawa, utazame wanaongoja basi, wanaouza karanga, vijana wa bodaboda waliojipanga katika kivuli cha nguzo ya umeme kama shanga katika uzi. Wahenga walisema kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Nasi tumewaachia vijana wetu kivuli cha nguzo.

Na halafu upige hatua chache nje ya mji, uingie shamba la kahawa. Mbuni ni mti wa anasa, hauridhiki na jua kavu, na mkulima wa Mbozi anajua. Kwa hiyo hupanda migomba katikati ya mibuni, na miti mirefu mipakani, akaipa kahawa kivuli kwa vipimo, si kingi cha kuinyima mwanga, si kidogo cha kuiunguza. Elimu hiyo iko mikononi mwetu, tumeitumia miaka mingi, tunaiuza nje kwa gunia. Mbuni umefikiriwa mapema, na mchuma buni akija mjini kuuza jasho lake husimama juani. Methali isemayo mchumia juani hulia kivulini ilimwahidi mtu huyo malipo. Kivuli chenyewe kiko wapi mjini kwetu?

Haya si mambo ya kungojea mabilioni. Mji wetu bado unapimwa viwanja. Mpimaji anapoweka jiwe la mpaka wa njia, na liwekwe pamoja na jiwe hilo shimo la mti, upande wa magharibi wa njia kwanza, kwa kuwa jua la alasiri ndilo kali kwa mpita njia. Mwenye duka anapojenga, alisogeze paa mbele hatua mbili juu ya njia, kama Lamu walivyofanya na madaka yao, na chini ya bati aweke dari ya mianzi au mbao, ili jua la pili lisimwangukie mteja. Penye kungoja watu, kama stendi, zahanati na ofisi za serikali, kivuli kiwe sehemu ya jengo tangu karatasini, wala si fadhila ya baadaye. Nako kwetu juu, ambako Juni ina baridi, tuchague miti na mahali pa kuipanda kwa namna ya kutowanyima wazee kijua chao cha asubuhi. Na penye kazi ya kutwa nzima juani, tujifunze pia kwa saa: Oman, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, sheria hukataza kazi za nje tangu saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, wala nchi haijafilisika kwa kuwapa wajenzi wake saa tatu za kupumua.

Mtaniuliza, mwarobaini au mwembe uliopandwa leo utampa nani kivuli, ilhali sisi tunataka raha mwaka huu? Jibu liko katika methali nyingine ya wakale, kwamba kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Huo mwembe ambao wazee wetu huuzunguka na vigoda vyao mwezi wa Oktoba haukupandwa na wao. Aliyeupanda wengi wamekwisha kumsahau jina, na kila adhuhuri bado anawapokea wageni.

Kesho jioni, inshallah, taarifa ya hali ya hewa itasomwa tena, na mji wenu utatajwa na nyuzi zake. Msicheke. Idadi ile ni ya kweli, ila ni ya kisandukuni, kivulini, penye upepo. Kazi iliyobaki ni yetu, kuifanya iwe ya kweli na barabarani pia. Nawatakia usiku wa baridi ya wastani. Kwaherini.